Songwe Ipi? Jina, Mto na Mkoa katika Ushoroba wa Nyasa na Tanganyika



Mada ya mhadhara huu ni jina moja tu la mahali. Huenda wapo watakaoona kwamba jina moja ni kitu kidogo mno kwa mhadhara wa hadhara, hasa pale ambapo jina lenyewe lina silabi mbili tu na limo katika kila ramani ya nchi. Lakini elimu ya majina, ambayo wengine wetu huiita onomastiki, ina tabia ya kuanza na kitu kidogo na kumfikisha mtafiti katika sarufi, historia, sheria za mipaka na hata mashamba ya watu. Jina hilo ni Songwe.

Chukueni sentensi hii fupi: “Songwe umefungwa.” Msikilizaji aliyeko Dar es Salaam, mwenye tikiti ya ndege mkononi, ataelewa kwamba ukungu umezuia ndege kutua. Dereva wa lori aliyetoka Karonga upande wa Malawi atadhani kwamba kituo cha forodha kimefungwa, ingawa upatanisho wa kisarufi utamtatiza kidogo. Mhandisi wa maji atafikiri juu ya lambo lililojengwa kukinga mto. Kila mmoja ana Songwe yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea.

Basi tuanze kwa kuzihesabu. Kwanza kuna mito miwili, na hapa ndipo chimbuko la utata wote lilipo. Mto Songwe wa kusini hutoka katika nyanda za juu zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika, ukapita kusini mwa wilaya ya Ileje, ukaingia Kyela na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Kwa sehemu kubwa ya mwendo wake ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mto Songwe wa kaskazini ni mwingine kabisa. Huu hukusanya maji ya upande wa magharibi wa milima ya Mbeya, hupita katika bonde lenye chemchemi za maji moto na miamba ya chokaa, kisha huelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Rukwa. Maji ya wa kusini yanaendelea na safari: kutoka Nyasa huingia mto Shire, kutoka Shire huingia Zambezi, na hatimaye hufika Bahari ya Hindi. Maji ya wa kaskazini hayafiki bahari yoyote, kwa kuwa Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Ni mito miwili yenye jina moja, iliyopeana migongo.

Kando ya mto wa kaskazini kuna mahali paitwapo Songwe, upande wa Mbeya, panapojulikana kwa kiwanda cha saruji kinachotumia ile miamba ya chokaa niliyoitaja. Karibu na hapo kuna Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Songwe, ulioanza kutumika mwezi Desemba 2012 badala ya uwanja wa zamani uliokuwa mjini Mbeya. Upande wa Malawi, mahali ambapo barabara ya Karonga huvuka mto wa kusini, kuna kituo cha mpakani kiitwacho Songwe, kikitazamana na kituo cha Kasumulu cha upande wa Tanzania. Kisha, mwaka 2016, mkoa mpya ulimegwa kutoka magharibi ya mkoa wa Mbeya na kupewa jina la Songwe, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Ndani ya mkoa huo, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Chunya lilifanywa wilaya inayojitegemea, nayo pia ikaitwa Songwe, yenye makao makuu Mkwajuni.

Angalieni sasa kilichotokea. Uwanja wa ndege wa Songwe haumo katika mkoa wa Songwe. Umo katika mkoa wa Mbeya. Mahali paitwapo Songwe, penye kiwanda cha saruji, pia hapamo mkoani humo. Mto Songwe wa kusini huingia ziwani Kyela, na Kyela ni wilaya ya mkoa wa Mbeya. Mgeni anayepewa maelekezo ya kufika “Songwe” bila nyongeza yoyote anaweza kushuka kwenye ndege akiamini amekwisha kufika, kumbe bado ana safari ya kuvuka mto kabla hajauingia mkoa wenye jina hilo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo linalovutia zaidi ni jinsi sarufi yetu inavyoshindwa kutusaidia hapa. Kwa kawaida tunajivunia ngeli kwamba huondoa utata: nomino ikifichwa, upatanisho hutuambia ni ya aina gani. Lakini mto umo katika ngeli ya tatu, na husemwa mto umejaa. Mkoa nao umo humo humo: mkoa umekua. Uwanja ni wa ngeli ya kumi na moja, lakini kwa umoja kiambishi chake cha upatanisho ni kile kile: uwanja umepanuliwa. Hivyo nomino tatu tofauti, zikidondoshwa na kuachwa jina tupu, hutoa umbo moja la kitenzi. Katika wingi tungeweza kuzitenganisha, kwa kuwa mito na mikoa huchukua i- ilhali viwanja huchukua vi-. Lakini jina la pekee halina wingi. Ni wilaya peke yake inayojitokeza waziwazi kwa kusema Songwe imegawanywa, na hata hapo hatupo salama, maana wazungumzaji wengi hutumia i- kwa jina lolote la mahali, kama tunavyosema Mbeya imeshinda au Tanzania imesaini. Waandishi wa habari wamekwisha kulitambua tatizo hili, ndiyo maana hawaachi kuandika “mkoani Songwe” au “wilayani Songwe”. Huo ni uamuzi wa busara, na mimi ningependa uwe kanuni ya uandishi wa kitaaluma pia.

Jambo hili la jina moja kukaliwa na vitu vingi halikuanza kwetu. Majina ya majimbo ya kale ya Uingereza, yale wanayoyaita kaunti, yanaweza kugawanywa katika makundi yanayofanana sana na ya kwetu. Lipo kundi linalotokana na watu: Essex na Sussex ni nchi za Wasaksoni wa mashariki na wa kusini, na Norfolk ni watu wa kaskazini. Mswahili angeyafasiri majina hayo kwa kiambishi U- pasipo shida yoyote. Lipo pia kundi linalotokana na maji. Mwaka 1974 Waingereza waliunda kaunti mpya kuzunguka miji ya Bristol na Bath, wakaiita Avon kwa jina la mto. Sasa, Avon ni neno la kale la Kikelti lenye maana ya “mto” tu, na ndiyo sababu Uingereza ina mito kadhaa yenye jina hilo, mmoja wapo ukiwa ule unaopita mji aliozaliwa Shakespeare, mbali kabisa na kaunti tunayoizungumzia. Kaunti ya Avon ilivunjwa mwaka 1996, baada ya miaka 22. Mito ya Avon bado inatiririka yote.

Kwetu mfano wa karibu ni Nyasa. Katika lugha za kandokando ya ziwa hilo, nyasa au nyanja ni “ziwa” au “maji mengi”, hivyo anayesema Ziwa Nyasa amesema “ziwa” mara mbili, kama yule Mwingereza anayesema mto Avon. Vilevile tuna Ruvu ya Morogoro na Pwani, na tuna Ruvu nyingine ambayo chini yake huitwa Pangani. Mito inapokuwa na jina moja katika sehemu zilizo mbali, mtafiti apaswa kushuku kwamba jina hilo lilikuwa nomino ya kawaida katika lugha za zamani, na kwamba kila jamii iliutazama mto wake ikauita kwa neno lililokuwepo. Songwe pia haipo Mbeya na Mbozi tu. Kuna korongo la Songwe upande wa Zambia, chini ya maporomoko ya Victoria, na kuna kilima cha Songwe kusini mwa Malawi. Mtawanyiko wa namna hii hauwezi kuelezwa kwa kudai kwamba watu wa mahali pamoja walihama wakalibeba jina. Unaelezeka vizuri zaidi kwa urithi wa msamiati wa Kibantu ulioenea katika ukanda mrefu.

Hapa nawaomba wanafunzi wajihadhari. Mswahili akilisikia neno Songwe, sikio lake humpeleka moja kwa moja kwenye kitenzi kusonga, kwa kauli ya kutendwa na hali ya dhamiri: na asongwe, yaani abanwe. Papo hapo huzaliwa hadithi ya watu waliobanwa na adui kati ya milima na maji. Ni hadithi nzuri, lakini haina msingi, kwani humpa mtajaji wa kale sarufi ya Kiswahili cha pwani ambacho hakukizungumza. Tunduma nayo ina mtego wake. Aliyesoma kuhusu ngeli ya kumi na tatu, ile yenye kiambishi tu- cha wingi wa vitu vidogo, akikumbuka kwamba Kenya magimbi huitwa nduma, anaweza kutuambia kwamba Tunduma ni “vigimbi”. Nimewahi kulisikia pendekezo hilo likitolewa kwa sauti ya uhakika kabisa. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa swali, na wengi wetu hulifanya kuwa jibu.

Turudi katika nchi kabla ya mkoa. Eneo lililo kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika limepewa na wasomi jina la ushoroba, na Monica Wilson alilitumia jina hilo katika kazi yake ya mwaka 1958 juu ya jamii za eneo hilo. Ni jina la mpita njia: ushoroba ni mahali pa kupitia. Wenyeji wake walikuwa na majina ya wakaaji: Unyiha, Unyamwanga, Undali, Umalila, Ulambya, Uwanda, Uwungu. Katika uainishaji wa Guthrie lugha nyingi za hapa zimo katika kundi la M20, yaani Kiwanda, Kinyamwanga, Kinyiha, Kimalila na Kisafwa, pamoja na Kiiwa na Kitambo za upande wa Zambia. Lakini Kibungu cha wilaya ya Songwe kimewekwa katika kanda F pamoja na Kisukuma na Kinyamwezi. Mkoa mmoja, basi, umelazwa juu ya mpaka wa kanda mbili za lugha.

Unyiha unastahili kusimamiwa kidogo. Jina hili ni lile lile nyika la Kiswahili, pori au mbuga. Ushahidi umo ndani ya jina lenyewe: watu wanaoitwa Wanyiha Mbozi, ndugu zao walioko Zambia na Malawi huitwa Nyika, na wasafiri wa Kijerumani waliandika Unyika katika ramani zao. Pale ambapo lugha nyingine zina k, Kinyiha cha Mbozi kina h. Kwa hiyo Mnyiha ni mwenzake, kwa jina, wa Wanyika wa pwani ya Kenya, ambao katika miaka ya 1940 walilikataa jina hilo kwa sababu ya dharau iliyokuwamo wakachagua kuitwa Mijikenda. Wanyiha hawakulikataa. Labda h iliwakinga: Mswahili wa leo akisikia “Nyiha” hasikii pori wala dharau. Beverley Brock, aliyeandika juu ya historia yao katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Roberts mwaka 1968, alionesha kwamba walikuwa na utawala mwingi mdogo mdogo usio na mfalme mmoja. Maana yake ni kwamba Unyiha halikuwa jina la dola. Lilikuwa jina la watu wanaoelewana kwa lugha na kuwatambua wenzao kwa lugha hiyo.

Na Usongwe? Je, palikuwa na nchi ya namna hiyo? Ramani za utawala zina jibu, kwa wenye subira ya kusoma majina ya kata. Karibu na Mbalizi, katika wilaya ya Mbeya, kuna kata inayoitwa Utengule Usongwe. Nyongeza hiyo iliwekwa ili kuitofautisha na Utengule Usangu, iliyo wilaya ya Mbarali. Historia inaeleza kwa nini kuna Utengule mbili: Merere, mtawala wa Wasangu, alipofukuzwa na Wahehe alihamia upande huu na kujenga ngome yake, na mwishoni mwa karne ya 19 ukoo wake ulirudi Usangu na jina la ngome likarudi nao. Kwetu sisi wa lugha, la maana ni kiambishi. Usongwe, pamoja na U- yake, ni nchi iliyokaa kwenye bonde la mto wa kaskazini, upande wa Mbeya. Jina la mkoa wa leo, kwa hiyo, limevuka mto likahamia magharibi, na kiini chake cha zamani kimebaki nje ya mipaka yake. Avon ya Waingereza haikufanya hivyo.

Sasa niwapeleke mahali padogo zaidi, Hasamba, kata ya wilaya ya Mbozi katika eneo la Vwawa. Ukisoma orodha ya kata za wilaya hiyo utagundua kwamba majina hayakutawanyika ovyo. Kuna safu ndefu ya majina yanayoanza na I-: Igamba, Ihanda, Ilolo, Ipunga, Isandula, Isansa, Itaka, Itumpi, Iyula. Hicho ni kiambishi cha ngeli ya tano, ambacho Kiswahili kimekipoteza mara nyingi au kukiacha kama ji- katika jino na jicho. Nyanda zote za juu kusini zina majina ya namna hii, na Iringa yenyewe imetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya boma. Kando ya safu hiyo kuna nyingine fupi, yenye Ha-: Halungu, Hasamba, Hasanga.

Ha- hii ni nini? Kuna dhana mbili za kupimwa. Ya kwanza ni kwamba ni kiambishi cha mahali, mwenzake wa pa- ya Kiswahili. Katika lugha kadhaa za Kibantu, p ya kale imegeuka h, na kwa hivyo “pa-” ikawa “ha-”. Ya pili ni kwamba ni ka-, kiambishi cha ngeli ya kumi na mbili kinachopunguza ukubwa wa kitu, ambacho kwa mujibu wa badiliko lile lile la Nyika kuwa Nyiha kimekuwa ha-. Dhana ya kwanza inapingwa na orodha yenyewe: p haijapotea katika Ipunga, ambako iko kati ya irabu mbili bila kinga ya nazali. Kama p ingekuwa imegeuka h katika lugha hii, tungetarajia “Ihunga”. Dhana ya pili inaungwa mkono na majina ya jirani: Hasanga ya Mbozi inalingana barabara na Kasanga iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Nami naielekea hii ya pili. Lakini uaminifu wa kitaaluma unatulazimisha kulitazama jina la Itaka, ambamo k imekaa salama. Kanuni ya k kuwa h, basi, ina masharti ya mazingira, au jina lile lina asili nyingine, au karani aliyeliandika alisikia kwa sikio la Kiswahili. Kipimo cha kuamua hakimo katika ramani. Kimo katika mdomo wa mzungumzaji: mwombeni mzee wa Hasamba aseme kwa Kinyiha kwamba Hasamba ni pazuri au ni kadogo, kisha msikilize kiambishi cha upatanisho anachokitumia. Sentensi tatu zitawafaa kuliko kurasa kumi za kubuni.

Nasema haya kwa sababu muda unatubana. Tunduma, iliyokuwa kijiji cha mpakani, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki mbili katika sensa ya mwaka 2022, na mkoa mzima ulikuwa na watu 1,344,687. Reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia na, tangu 2019, kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde vimeleta watu wa kila lugha. Lugha ya sokoni ni Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2022 nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi, na kila njia ikahitaji jina kwa haraka. Jina lililoandikwa kwenye kibao cha barabara huwa ndilo jina halali, na lile lililojulikana na bibi mmoja tu hubaki naye. Hata tahajia ina uzito. Majina kama Hezya na Ichenjezya yana mfuatano wa zy ambao Kiswahili hakina, na nawapongeza makarani waliouacha ulivyo. Mahali pengine sauti hizo zimenyooshwa ili zimfae mwandishi, na anayekuja kuchunguza baadaye hukuta jina lililokwisha kupigwa pasi.

Kwa nini, basi, mkoa haukuitwa Unyiha? Tazameni mikoa mingine. Mara, Ruvuma, Kagera na Simiyu ni mito; Rukwa na Manyara ni maziwa; Kilimanjaro ni mlima. Kagera iliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya 1978 na 1979. Hata Tanganyika, jina ambalo Waingereza walilipa eneo walilolitawala mwaka 1920, lilichukuliwa kutoka ziwani. Mto hauna kabila, na nchi iliyofuta utawala wa machifu mara baada ya uhuru isingependa kuurudisha kwa mlango wa ramani. Katika mkoa wenye Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Walambya, Wawanda na Wabungu, jina la mmoja wao lingekuwa deni kwa wengine wote. Sarufi inalithibitisha hilo: tunasema Mnyiha, lakini hatusemi Msongwe, tunasema mwana-Songwe, kama tunavyosema mwanachama. Kiambishi M- hutaja asili ya mtu, na mwana- hutaja alipojiunga. Naiona hekima katika uamuzi huo, ingawa gharama yake ni huu utata niliousimulia. Mkaazi wa Ileje akiulizwa mto wa mkoa wake ataonesha kusini. Wa Mbozi ataonesha mashariki.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalogusa maisha ya watu kuliko yote. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Mkataba ule ulipofika pembe hii ya ramani ulitaja Songwe kwa jina: mpaka ufuate ukingo wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe, upande na mto huo hadi unapokatana na nyuzi 33 za longitudo ya mashariki, uendelee nao hadi unapokaribia zaidi bonde la Kongo, kisha uende moja kwa moja hadi kwenye mpaka wa bonde hilo na kuufuata kuelekea Tanganyika. Wengi wa waliouandika hawakuwa wamekanyaga huko. Waliamini kwamba jina la mto ni kitu imara kama jiwe, na kwamba mto wenyewe ni imara kama jina lake. Kwa maneno hayo Wanyamwanga wakawa wa nchi mbili, Walambya wa nchi mbili, na Wanyiha wakawa Wanyiha upande mmoja na Nyika upande wa pili. Mpaka ulipopimwa uwandani, kazi iliyofanyika mwaka 1898, mistari ya Berlin na London ilibidi ikutane na vilima na vijito vyenye majina mengine.

Mto Songwe wa kusini, ufikapo tambarare ya Kyela na Karonga, hupindapinda, na wakati wa mafuriko huacha njia yake ya zamani na kuchimba nyingine. Mkulima aliyelala Tanzania huweza kuamka akakuta shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya maji. Jina halikubadilika, mkataba haukubadilika, mto umehama. Swali linalofuata ni la lugha kabla ya kuwa la sheria: mkataba uliposema “Songwe”, ulimaanisha mkondo uliokuwapo mwaka 1890, au mkondo wowote utakaoitwa hivyo? Ikiwa jina hutaja mahali, mpaka umebaki kwenye mfereji mkavu. Ikiwa jina hutaja maji, mpaka unatembea pamoja nayo. Serikali za Tanzania na Malawi zimechagua kulikabili jambo hili kwa kuudhibiti mto wenyewe, kwa mpango wa pamoja wa kuliendeleza bonde la Songwe, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Nchi hizo hizo hazijaafikiana juu ya mpaka wa ziwani, wala juu ya jina la ziwa, ambalo upande mmoja ni Nyasa na upande wa pili ni Malawi. Juu ya jina la mto hazijawahi kutofautiana. Pande zote mbili huuita Songwe, na wazee wa Ileje na wa Chitipa huulizana habari zake kwa Kilambya, kila mmoja akiwa amesimama katika nchi yake.